Mafuta ya Mboga

Ifakara,
jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Felista,

Salamu sikuandikii, maana kesho asubuhi utanipa shikamoo yako kwa mdomo nami nitaiitikia. Baada ya hapo basi litapiga honi, mama yako ataanza kulia, na hakuna atakayesikia neno la mwenzake. Ndiyo sababu nimeshika kalamu sasa, wewe ukiwa kwa Mama Rajabu unasukwa nywele na jua likiwa bado lipo. Barua hii nitaiweka katikati ya khanga zako. Uisome ukishapita Kidatu. Kabla ya Kidatu utakuwa unatapika, nakujua.

Mambo ya safari sina la kuongeza. Mama yako ameshakwambia ukae upande gani wa basi, ndimu umeiweka wapi, usipokee chakula cha nani, na pindo gani la khanga lina fedha. Ameyarudia hata mimi sasa ningeweza kusafiri badala yako bila kupotea. Kwa hiyo hayo nayaacha. Nitakuandikia juu ya jambo moja ninalolijua vizuri, na nimelijua kwa sababu nililikosea. Ni juu ya neno "ya".

Najua utacheka. Lakini fikiri huko Morogoro unakokwenda. Asubuhi utakuwa kwenye darasa la kushona, na mchana utamsaidia Salma, mke wa Rajabu, ambaye ana mtoto mchanga na hawezi kuzunguka madukani. Ameandika kwamba jiko atakuachia wewe. Maana yake wewe ndiye utakayesimama mbele ya muuza duka, wewe ndiye utakayechagua kopo, na watu wa nyumba ile watakula ulichochagua bila kukuuliza. Wao ni Waislamu, wewe ni Mkatoliki, na pilau ya harusi yao ndiyo ile iliyoleta maneno kati ya nyumba yetu na nyumba ya Mama Rajabu. Walituamini mara moja nikawaangusha. Sasa wanatuamini mara ya pili, na safari hii aliyebeba imani yao ni wewe. Nakwambia wazi kwamba jambo hilo linanitia hofu kuliko barabara na madaraja yake.

Wewe umekulia kwenye makopo. Tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako unaniona nyuma ya meza ya duka la tajiri wetu, ninapima chumvi, ninakata sabuni, ninashusha makopo rafuni. Karatasi zilizobanduka ndizo nilizokuwa nikileta nyumbani, mama yako akazibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na wewe ukajifunzia kusoma hapo kabla ya kwenda shule. Neno lako la kwanza kulisoma lilikuwa "safi". Ulilisoma kwa sauti kubwa, tukashangilia. Sikujua wakati ule kwamba hilo ndilo neno ambalo kopo hulisema pale ambapo halina la kusema.

Watu walikuwa wakiniita Msoma Makopo. Jina la utani, lakini nililipenda. Mtu akitoka Mofu na fedha ya samaki wake, au Mchombe baada ya kuuza mpunga, alikuja na kopo mkononi akaniuliza, "Alfonsi, hiki nini?" Nami nilimwambia. Kiingereza nilikuwa nakijua cha kuombea maji tu, ila karatasi nyingi zilikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili chini ya picha, na mstari huo ulinitosha. Ulinitosha mno.

Unakumbuka habari ya biskuti za mbwa? Ulikuwa mdogo, lakini imesimuliwa sana. Mzungu aliyekuwa akipima barabara alihama, tajiri akanunua masanduku yake ya vyakula, na ndani mlikuwa na pakiti zenye picha ya mbwa. Tajiri akaandika juu yake kwa penseli, "Biskuti za mbwa." Akaja mzee mmoja wa Kiberege, akazitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Alfonsi, hizi zimetengenezwa kwa mbwa?" Nikamjibu, "Ndiyo, kwa mbwa." Mzee akaziweka chini polepole, akaenda kunawa mikono. Alipofika kwao alieleza kwamba Wazungu wanasaga mbwa wakachanganya na unga. Hata biskuti za watu hazikununuliwa kwa muda mrefu, na tajiri alininunia mimi kana kwamba mbwa alikuwa wangu.

Tulicheka sana. Tungefikiri kidogo baada ya kucheka, lakini hatukufikiri. Maana kosa halikuwa la mzee. Dawa ya kikohozi inafukuza kikohozi. Dawa ya mwarobaini imetoka kwenye mwarobaini. Dawa ya panya inaua panya. Maziwa ya mbuzi yametoka kwa mbuzi, na maziwa ya mtoto yanakwenda kwa mtoto. Neno ni hilo hilo moja, linakaa katikati ya vitu viwili na kukwambia kwamba vinahusiana, kisha linanyamaza. Nani ametoka kwa nani, na nani anamwendea nani, hiyo ni kazi yako wewe kuuliza. Sisi kwa kuwa tumezaliwa nalo tunajibu wenyewe kichwani bila kujua kwamba tulikuwa na swali.

Sasa nije kwenye pilau.

Unajua jinsi tulivyokuwa tukiishi na Mama Rajabu na mumewe, Mzee Shabani. Mzee Shabani alikuwa akinunua samaki Mofu na kuwauza hapa sokoni, na tangu tulipohama kutoka Mahenge ndiye jirani wa kwanza aliyetupa maji ya kunywa. Kila Krismasi jogoo wetu alichinjwa na yeye, kwa kisu chake na kwa Bismillahi yake, ili siku hiyo nyumba zote mbili zile chungu kimoja. Kila Idi sinia la kwao lilivuka uwanja kuja kwetu. Na siku za kawaida sahani zilikuwa na safari zao. Sahani ikija na maandazi ilirudi na ndizi, ikija na samaki ilirudi na mchele, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani tupu. Mama yako, akikosa cha kuweka, alikuwa anaishikilia sahani siku nzima mpaka apate.

Rajabu alipotaka kuoa, mvua zilianza mapema, na barabara ikakatika. Malori yaliyokuwa yakileta samli hayakufika. Mafuta ya ufuta yalikuwepo, lakini Mama Rajabu hakutaka pilau ya mwanawe wa kwanza inuke ufuta. Akaja dukani. Kwenye rafu yalikuwepo makopo makubwa ya mafuta meupe, mapya, ambayo tajiri aliyaleta kabla ya mvua. Yalikuwa na picha ya sufuria inayofuka moshi. Wateja walikuwa wamejaa, kila mtu anataka kuhudumiwa kabla mvua haijarudi.

"Baba Felista," akasema, "haya mafuta ya nini?"

Nikageuza kopo, nikamsomea mstari wa Kiswahili. "Mafuta safi ya mboga."

"Ya mboga, yaani yametoka kwenye mimea? Hayana mafuta ya mnyama?"

"Si umesikia, Mama Rajabu? Mboga."

"Nimesikia. Nakuuliza wewe."

"Ni ya mboga," nikasema. "Chukua tu, usiwe na wasiwasi."

Nataka uelewe vizuri kilichokuwa kichwani mwangu, maana watu hudhani kwamba nilisoma vibaya. Nilisoma sawasawa. Ila mimi ni Mpogoro wa Mahenge. Kwetu mboga ni chochote kinachokwenda na ugali au wali. Ukimuuliza mama yako leo kuna mboga gani, atakwambia kambale, au kunde, au nyama, na zote ni mboga. Kwa hiyo tangu makopo yale yalipofika nilikuwa nimeyaelewa kuwa ni mafuta ya kupikia mboga. Aliponiuliza habari ya mimea, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba maneno yale yanaweza kueleweka kwa njia ya pili, na kwamba sijui ipi ndiyo yenyewe. Niliona hivyo, tena kwa uwazi. Lakini watu walikuwa wanasubiri, wote wananitazama, na Msoma Makopo hawezi kusimama mbele ya watu akakwaruza kichwa. Nikachagua ile njia aliyoitaka yeye, nikampa.

Pilau ilisifiwa. Shehe mwenyewe aliomba aongezwe. Wewe ulikula mpaka ukalala juu ya mkeka na mkono wako ukiwa bado ndani ya sahani, ikabidi nikubebe. Wazee walinishukuru kwamba duka letu limeiokoa harusi. Niliitikia shukrani zote.

Barabara ilipokauka akaja Bwana Afya kukagua maduka, kama kawaida yake. Alikuwa kijana wa Kiafrika, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Aligonga makopo kwa ukucha, moja moja, akisikiliza. Yaliyovimba aliyatoboa na kuyatupa, tajiri akiugua pembeni. Kisha akafika kwenye yale ya mafuta meupe. Akaligeuza moja juu chini, akasoma maandishi madogo yaliyokuwa karibu na mshono wa bati, Kiingereza kitupu, madogo kama sisimizi.

"Haya mnawaambia wateja ni ya nini?" akauliza.

"Ya mboga," nikajibu.

"Ya kupikia mboga, sawa. Lakini hapa chini wameandika kwamba ni mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na ya mimea."

"Wanyama gani?"

Sauti hiyo haikuwa yangu. Mama Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kununua sukari.

"Hawakusema, mama."

"Ng'ombe?"

"Huenda."

"Nguruwe?"

Bwana Afya akavua kofia. "Mama, hawakusema. Wametakiwa waseme kwamba kuna mafuta ya mnyama, nao wamesema. Kumtaja mnyama mwenyewe, hawakutakiwa. Na hii 'mboga' ya Kiswahili nayo si uongo. Wameandika maneno ambayo kila mtu anaweza kuyachukua anavyotaka."

Mama Rajabu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kisha akalipa sukari yake, akaaga vizuri kabisa, akaenda.

Tajiri aliwauliza wale waliomuuzia, Dar es Salaam. Walimjibu kwamba ni mafuta safi. Hadi leo, Felista, sijui harusi ile ilikula nini, na wao hawajui, na sasa ni hakika kwamba hatutajua. Mzee Shabani alikuja mwenyewe kuniambia kwamba shehe amesema, aliyekula bila kujua hana dhambi. Nilifurahi, nikadhani limekwisha.

Wiki ile mama yako alichemsha mahindi mabichi, akakutuma uyapeleke. Jioni sahani ikarudi. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na haikuwa na kitu. Mama yako aliishika, akaigeuza kana kwamba kuna kitu kimejificha nyuma yake, akaiweka kabatini. Krismasi ilipofika, Mzee Shabani alikuja kumchinja jogoo kama siku zote, akafuta kisu, akatutakia heri, akarudi kwake. Tulikula peke yetu. Nyama ilikuwa nyingi na haikumalizika. Iliniuma, mwanangu. Ningetukanwa mbele ya soko zima isingeniuma vile.

Nilimwendea Mama Rajabu. Nilimweleza yote, habari ya mboga kwa Kipogoro na mboga kwa Kiswahili, habari ya maandishi madogo karibu na mshono. Nilieleza vizuri sana, ningeweza kumshawishi hakimu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele.

"Baba Felista," akasema, "mimi sina ugomvi na kopo. Kopo sikuliuliza. Nilikuuliza wewe."

Nikarudi nyumbani.

Baada ya hapo aliendelea kuja dukani, lakini alinunua chumvi, kiberiti, sukari, vitu ambavyo havihitaji jibu la mtu. Tuliendelea hivyo, hatugombani wala hatupatani. Na aliyeumaliza mwendo ule ni wewe, ingawa sidhani kama ulijua unafanya nini. Ulikuwa umetoka shule, umekaa dukani kwenye gunia, na mimi nilikuwa nyuma ninapima mpunga. Mama Rajabu aliingia akaona bati la biskuti mpya. Nilimsikia akikuuliza zina nini ndani. Nikasikia bati likigeuzwa, likigeuzwa tena. Ndipo ukasema, "Hapa imeandikwa unga, sukari na mafuta, Mama Rajabu. Mafuta ya nini, haikuandikwa. Sijui."

"Na baba yako anajua?"

"Hajui na yeye."

Niliacha mizani, nikawa ninatoka nije niokoe jina la duka, na sijui hata ningesema nini. Sikuwahi kufika mlangoni. Mama Rajabu alikuwa anacheka. Tangu siku ya Bwana Afya sikuwa nimesikia kicheko kile, kile chake cha kupiga makofi. Biskuti hakununua. Lakini jioni ulirudi kutoka kwao na sahani, na sahani ilikuwa na maandazi ya moto, na ujumbe ulikuwa huu: "Mwambie baba yako yamekaangwa kwa mafuta ya ufuta, nimekamua kwa mkono wangu. Kama ana swali, aulize." Mama yako alikaa chini kabisa, akafunika uso kwa khanga. Mimi nilikula maandazi manne, na swali sikuwa nalo.

Tangu hapo nami nilianza kulitumia neno lako, lile "sijui". Halikuwa rahisi mdomoni mwa mtu wa umri wangu. Mwanzoni wateja walinitazama kama nimeugua. Lakini kuna siku alikuja mama mmoja kutoka Mchombe, mtoto mgongoni, mdogo mno, analia kwa sauti nyembamba. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Alionyesha kopo la maziwa lenye picha ya ng'ombe mnene aliyesimama kwenye majani. Zamani ningesema, ni maziwa, si unamwona ng'ombe? Siku ile nilimwambia sijui, akae kwenye gunia anisubiri. Nikalichukua kopo mpaka kwa sista wa zahanati. Akalisoma, akatikisa kichwa. Ni maziwa, alisema, lakini yametolewa mafuta yote, na kwenye karatasi wameandika wenyewe kwamba si ya kulelea watoto wachanga. Wameandika kwa Kiingereza, upande ule ambao hauna ng'ombe. Mama yule nikampeleka kwa sista, akapewa maziwa mengine. Mtoto simjui jina, na sikumwona tena. Lakini nikishika kopo la namna ile mkono wangu bado unakuwa mzito.

Morogoro maduka ni mengi kuliko hapa, na makopo yao yanang'aa. Wewe ni mwerevu, mengi utayaona mwenyewe. Picha usiiulize kitu, haijui. Kopo lipindue, maana wanachotaka ukijue wamekiweka mbele, na wanachotakiwa tu kukisema wamekiweka chini karibu na mshono. Bwana Afya aliniambia pia kwamba vile vitu vinavyotajwa, kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi, na tangu hapo niligundua kwamba jamu ya machungwa ya tajiri wetu ni jamu ya sukari iliyopitishwa karibu na mchungwa. Ukiona karatasi imebandikwa juu ya karatasi nyingine, liache kopo hilo lilipo. Lililovimba nalo liache, hata wakikupunguzia bei, hasa wakikupunguzia bei. Na Kiingereza jifunze, usiridhike na mstari mmoja wa Kiswahili kama baba yako.

Basi, nimeanza kutoa maagizo, na niliahidi kuyaacha. Ninalotaka hasa ni hili. Siku moja Salma atakuuliza, huku mtoto analia na wageni wapo barazani, "Felista, haya ni ya nini?" Atakuwa na haraka, na atakuwa anataka useme ndiyo. Wewe utakuwa umechoka, na utakuwa unampenda. Siku hiyo usiwe mtoto wangu. Uwe yule aliyekaa kwenye gunia.

Limebaki jambo la sanduku lako. Uliniomba nikubandikie jina, kwa kuwa taniboi atalipandisha juu ya basi na masanduku ya bati yote yanafanana. Mchana, ulipokwenda misheni kuaga, nilikata karatasi nzuri nikaandika, "Mzigo wa Felista, mtoto wa Alfonsi, Ifakara." Niliikoroga gundi ya unga, nikaiacha ipoe. Mama Rajabu akaja kutazama kama nguo zako zimetosha. Akaiona karatasi, akaniomba nimsomee. Nikamsomea.

"Basi?" akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wa Alfonsi peke yake?"

Akachukua kalamu mkononi mwangu. Yeye unajua hakusoma shule hizi, alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akaandika chini ya jina langu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstari mmoja. Akaupuliza wino ukauke, akanipa.

"Haya, Msoma Makopo," akasema. "Soma."

Niliigeuza karatasi. Niliipindua juu chini, kama kopo. Niliisogeza kwenye mwanga wa mlango. Macho yangu yalikuwa yameanza kuniletea maji, na hata ingekuwa Kiswahili cha kawaida nadhani isingesomeka.

"Sijui," nikamwambia.

Alicheka mpaka ikabidi akae juu ya sanduku. Nami nikacheka. "Na mimi sikwambii," akasema.

Nimeibandika hivyo hivyo. Ninadhani najua alichoandika, lakini nimeacha kazi ya kujibia karatasi nisizoweza kuzisoma. Rajabu anazijua herufi hizo. Ukifika, kabla hujafungua sanduku, mwombe akusomee mstari wa chini, halafu uniandikie wewe ni mtoto wa nani.

Baba yako,
Alfonsi